Bimkubwa Alisema "Yangu"

Bimkubwa hakuwahi kumwambia mtu kwamba ameajiriwa, wala kwamba amefukuzwa. Siku ya mwisho ya majaribio, ukishavua aproni, alikutazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akatamka neno moja kati ya mawili. Akisema "asante", ulijua hurudi tena jikoni kwake. Akisema "kesho", kazi umepata. Msichana aliyenitangulia alipewa "asante" vitunguu vikiwa bado mkononi, kwa sababu ya ukucha mmoja tu, na ukucha wenyewe wanasema haukuwa hata mweusi sana.

Kwa hiyo asubuhi ya siku yangu ya mwisho nilikuwa nimekata kucha mpaka ncha za vidole zinawaka. Koti langu jeupe la jikoni nililifua, nikalitia wanga, nikalipiga pasi mbele na nyuma. Diploma ya upishi nilikuwa nayo, lakini nyumbani tulikuwa tumeshaitazama vya kutosha. Iliwekwa fremu, ikatundikwa juu ya friji, ikazoeleka. Nilichokitaka mimi ni "kesho" moja tu.

Jiko lilikuwa nyuma ya ukumbi wa mikutano, na mchana ule tulikuwa na wageni wengi wa kulisha. Mimi nilikuwa uani, nimeinamia sinia, nachambua mchele. Ndani kulikuwa na zogo: vifuniko vinaanguka, mtu anagonga kitu kwa nyundo, Bimkubwa anafoka kwenye simu. Mara dirisha likafunguka, akatoa kichwa.

"We mtoto wa chuo!"

"Abee, mama."

"Kimbia kwa kaka yangu, pale karakana ya magari. Mwambie mlinzi akupe mbuzi yangu. Ipo nyuma huko. Niliwaazima tu, sasa wameikalia hawarudishi! Uje nayo mbio, wageni hao wanafika!"

"Sawa, mama."

Dirisha likafungwa.

Hapa inabidi nimtaje mama yangu mzazi. Mama ni mwalimu wa Kiswahili. Mezani kwetu, ukisema "mbuzi yangu amepotea", kijiko cha kugawia mchuzi kilibaki hewani mpaka ujirekebishe. Mnyama ni *wangu*. Mnyama *yupo*. Mnyama huji *nayo*, unakuja *naye*. Nimekua nikiwasahihisha watu, ila kwa kuwa nina haya, nawasahihisha kimoyomoyo, natabasamu, napita. Bimkubwa naye nilimsahihisha hivyo hivyo. *Mbuzi wangu*, nikasema moyoni. *Yupo nyuma*. Ningeweza kurudi kuuliza, lakini Bimkubwa alichukia maswali kuliko alivyochukia nzi. Nikanawa mikono, nikaondoka.

Njiani nilianza kumwonea huruma huyo mbuzi. Nilidhani anaitwa sufuriani. Nilimpa sura kabisa: mdogo, mweupe, masikio laini, macho ya kuuliza. Nikaamua nikifika nitampapasa kidogo shingoni ili asijione ametupwa na dunia.

Harufu ilinipokea getini.

Sijui niielezeje bila kumchafulia mtu chakula chake. Chukua soksi za mtu aliyetembea wiki nzima kwenye mvua, zitie kwenye chupa ya mkojo, funga kifuniko, weka juani, halafu fungua chupa hiyo ndani ya chumba usichoweza kutoka. Mate yalinijaa mdomoni, si yale mate ya hamu. Mlinzi, mzee mwembamba, alikuwa amejifunga leso puani kama jambazi wa benki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Nimetumwa na Bimkubwa, dada wa tajiri wako. Nimefuata mbuzi."

Akaishusha leso. "Mbuzi? Kasemaje hasa?"

"Kasema yupo nyuma, nije naye mbio."

"Mungu mkubwa!" Mzee alipiga makofi. "Njoo, njoo haraka kabla hajabadili mawazo. Tajiri alimnunua apate uzao, hata jike mmoja hajamletea. Sasa mwenzio kila mchana anajipamba bure, na mimi ndiye ninayenusa."

Alikuwa beberu. Mkubwa, rangi ya mkeka uliosahaulika mvuani, na ndevu ndefu zilizoshikamana kwa kitu cha njano. Nilipokuwa bado natafuta pa kupapasa, aliinamisha kichwa kati ya miguu yake ya mbele akajikojolea usoni. Si bahati mbaya. Alilenga. Akalowesha ndevu, akaonja, akainua mdomo wa juu mpaka ufizi ukaonekana, kisha akanitazama kama mtu aliyejipulizia manukato, anangoja kusifiwa.

"Kakupenda," mzee alisema.

Kamba ya shingoni ilikuwa imefungwa kwenye kitu cha mbao, kizito, mfano wa kigoda, kilichovishwa gunia kuukuu na kuganda kinyesi pande zote.

"Na hiki?"

"Nanga hiyo. Niliiokota jikoni kwa mke wa tajiri, ilikuwa imekaa bure. Usije ukaiacha, binti. Bila nanga huyu utamwona mpakani."

Nilivua koti langu jeupe, nikalikunja vizuri, nikalitia kwenye mkoba. Nikaichukua nanga ile, nikaiweka kwapani. Ilikuwa na unyevu. Sikutaka kujua unyevu wa nini. Nikashika kamba kwa vidole viwili, na mimi na beberu tukatoka getini kama watu wawili waliogombana wanaolazimika kwenda njia moja.

Dereva wa bajaji wa kwanza aliongeza mwendo aliponiona. Wa pili alisimama, kijana mchangamfu, shati la maua.

"Kaka, unapakia mbuzi?"

"Mimi napakia hata makabati, dada. Ingieni."

Beberu aliingia kwa heshima, akakaa upande wa dirishani. Nilianza kuamini kwamba siku yangu inaweza kuokoka. Hatukufika hata taa za kwanza za barabarani. Nilihisi kitu cha moto kikitiririka juu ya kiatu changu, kisha yeye akainama, akachovya ndevu zake kule chini, akainuka na kujikung'uta kichwa kwa nguvu zake zote, kama mbwa aliyetoka kuogelea. Matone mengi yalimwangukia dereva shingoni.

Dereva aliegesha pembeni. Aligeuka polepole sana.

"Dada. Hii ni nini?"

"Ni... ni maji, kaka."

"Maji ya nini?"

"Ya mbuzi."

"Shuka."

"Kaka, nakuomba, nina kazi ya—"

"Shuka wewe, shuka na mumeo!"

Alivua shati la maua palepale, akalishika kwa ncha ya kola, akalinusa, akafikiri, akaliacha juu ya ukingo wa barabara. Aliondoka kifua wazi. Sauti za honi zilimsindikiza, nyingine za kumlaumu, nyingine za kumpongeza.

Kwa miguu, basi. Mtaa ule ndio wenye watu kuliko yote: maduka ya nguo, meza za vifaa vya simu, watu wa maofisini wanaotembea wakitazama viganja vyao. Mimi ni mtu ambaye hata nikipiga chafya hadharani huomba radhi kwa siku nzima. Sasa nilikuwa mbele ya macho ya mji mzima, nimekumbatia gogo la mavi, naburuta mnyama ambaye watu walimnusa kabla ya kumwona. Ungewaona: wanakuja wanacheka na simu, mara pua inakunjamana, wanatazama soli za viatu vyao, wanatazamana wao kwa wao kwa tuhuma, ndipo wananiona mimi.

Vijana wa meza za simu hawakuniacha nipite bure.

"Shemeji huyo! Karibu shemeji!"

"Dada, mpe mwenzio hata mswaki jamani!"

"Mbuzi yako unauza bei gani?"

*Mbuzi wako*, nikasema kimoyomoyo, nikiangalia chini.

"Huyo hauzwi," mwingine akamjibu. "Huyo anazikwa."

Wakati huohuo mama mmoja wa ofisini, viatu virefu, mkoba wa kung'aa, alitupita akiacha nyuma yake manukato mazuri ya maua. Beberu alisimama ghafla. Akavuta harufu. Akainua mdomo wa juu, akatoa ufizi, akafumba macho nusu, ulimi ukamtoka pembeni ukitetemeka, na mlio wa ajabu ukamtoka kooni, blu-blu-blu, kama bomba linalozibuliwa. Simu zikatoka mifukoni kumpiga picha.

"Shika mnyama *wako*, wewe binti!" mama yule alifoka.

Kwa nusu sekunde nilimpenda kwa sarufi yake. Halafu beberu akapiga chafya, na sketi yake ikapokea. Ulikuwa ute mzito, wa kijani, uliovutika bila kukatika. Nikasema "samahani" mara nyingi kiasi kwamba neno lenyewe likapoteza maana. Yeye alisimama ameinua mikono juu, kama mtu aliyetekwa.

Nilikimbia. Sijivunii. Nilikimbia na nanga kwapani mpaka nyuma ya soko, na huko ndiko kulikuwa na jalala.

Jalala lile nililijua kwa kulikwepa. Kunguru walikuwa juu, paka katikati, na kileleni alisimama korongo mmoja mkubwa, shingo uchi ya waridi na madoa ya ukurutu, kifuko cha ngozi kikining'inia kidevuni. Miguu yake ilikuwa imepakwa kinyesi chake mwenyewe, cheupe, mpaka magotini. Nilitaka tupite tukitazama mbele. Beberu aliona kitu.

Kilikuwa nepi ya mtoto. Iliyotumika. Iliyotumika sana, na muda mrefu uliopita.

Aliichukua kwa meno upande mmoja. Korongo, ambaye nadhani alikuwa ameiweka akiba, akashuka kwa hatua mbili ndefu akaishika upande wa pili. Wakavutana. Beberu anarudi nyuma, korongo anapiga mabawa, na mimi katikati nimezungushiwa kamba miguuni, naduwaa. Niliwaza: akiimeza hii, akifia njiani, nitamwambia nini Bimkubwa? Kwa hiyo nilinyoosha mkono, mkono huu niliokatia kucha mpaka zikauma, nikaishika nepi ile katikati nikavuta.

Ilipasuka.

Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba ndani ya nepi za siku hizi kuna kitu kama ubwabwa, kinachovimba kikilowa, na kwamba kilinifika kwenye nyusi. Korongo alikanyaga nanga iliyokuwa imeniponyoka, akatua juu yake mzima mzima, akapokonya nusu yake ya nepi akaenda. Beberu alitafuna nusu yake. Alipomaliza aling'oa pia kipande cha gunia kilichofunika ile nanga, akakila kama kitindamlo. Bibi mmoja anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara alijifunika uso kwa upande wa khanga, akasema, "Masikini, na mtoto wa watu msafi vile," na sijui kwa nini, hilo ndilo lililokaribia kuniliza.

Niliiokota tena nanga. Pale gunia lilipoliwa kulikuwa na kipande cha chuma chenye meno, kikanichoma mkono. Nikaigeuza upande wa pili, nikaendelea.

Makutano ya mwisho yalikuwa na askari wa trafiki. Magari yalisimama, tukaanza kuvuka, na katikati kabisa ya michoro myeupe beberu akaamua amechoka. Alikunja miguu akalala. Honi zililipuka kila upande.

"Wewe!" Trafiki alikuja mbio, akafika hatua chache akasita, mkono puani. "Wewe dada! Mbuzi yako inazuia magari!"

*Anazuia*, moyo wangu ulinong'ona, moyo huu mpumbavu, hata pale.

"Si wangu, afande. Ni wa bosi."

"Mnyanyue!"

"Nimnyanyue, afande?"

"Sasa nimnyanyue mimi? Na sare hii?"

Tukawa tunatazamana mimi na serikali, hakuna anayetaka kuinama. Nilipogeuka, beberu alikuwa ameamka mwenyewe, ametia kichwa kwenye mkoba wangu, na mkono mmoja wa koti langu jeupe ulikuwa ukipotea taratibu mdomoni mwake. Nililivuta. Lilitoka na mlio wa kunyonya. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki mweupe mpaka kwenye kiwiko, na kuanzia hapo ulikuwa na rangi ya majani yaliyotafunwa.

Koti la kazi. Siku ya mwisho ya majaribio. Kwa mwanamke aliyemfukuza mtu kwa ukucha.

Nililivaa hivyo hivyo, kwa sababu amri ilikuwa hakuna kuingia jikoni bila koti.

Aliyetuona kwanza ni Masufuria, mpishi wa moto mkubwa, jitu lenye mabega mapana lililopewa jina hilo kwa sababu hunyanyua peke yake sufuria ambazo wengine hunyanyua wanne. Alikuwa mlango wa nyuma na kikombe cha chai.

"Bimkubwa!" aliita, akirudi nyuma. "Bimkubwa, njoo! Mtoto wa chuo kaleta mgeni rasmi!"

Bimkubwa alitoka na kizio cha nazi kila mkono, jasho linamtiririka.

"Umekuja? Mbuzi iko wapi?"

"Huyu hapa, mama."

Alimtazama beberu. Akanitazama mimi, viatu, nyusi, mkono wa koti. Beberu, kama aliyeelewa kwamba anatambulishwa, aliinama kati ya miguu yake akajipamba upya.

"Nani," Bimkubwa alisema taratibu, "nani kakuambia uniletee mnyama?"

"Ulisema mbuzi, mama..."

"Nilisema mbuzi *yangu*! *Yangu*! Nilisema *ipo*, nilisema uje *nayo*! Mimi na huyu mwenye ndevu tumeoana lini hata awe *wangu*?" Alinyanyua vile vizio juu. "Mashine imekufa, nazi zote zimevunjwa, nangoja mbuzi nikalie nikune, wewe unaniletea beberu! Huyu nitamkalia wapi?"

Masufuria alikaa juu ya gunia la mkaa kwa kicheko, chai ikamwagika.

Ndipo nikaelewa. Ile mbuzi. Kibao cha kukunia nazi, chenye chuma cha meno mbele, ambacho mtu hukikalia. Kwetu tulitumia kikunio cha bati, na chuoni tulikuwa na mashine. Mbuzi ya nazi nilikuwa nimeisikia tu, sijawahi kuikalia. Bimkubwa hakukosea hata herufi moja. Alikuwa mtu wa kwanza siku ile kuzungumza Kiswahili ambacho mama angekipa alama zote, nami nikakisahihisha, tena nikampelekea mlinzi kikiwa kimeshasahihishwa: *yupo*, *naye*. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini isipasuke karibu na beberu.

Bimkubwa alivuta pumzi. Niliona mdomo wake ukijiandaa kwa herufi *a*. Kisha macho yake yakashuka kwapani kwangu.

"Hicho ulichobeba nini?"

"Nanga, mama. Ya kumzuia."

Aliweka vizio chini. Akaishika nanga kwa ncha za vidole, akang'oa kilichobaki cha lile gunia. Chini yake kikatokea kibao cha kukunja, na ulimi wa chuma wenye meno madogo ya duara. Alipitisha kidole kwenye mchongo wa pembeni, kitu kama ua. Halafu akakinusa kile kidole, akajuta.

"Mbuzi yangu," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Ya marehemu mama. Wameifungia mbuzi."

Hata Masufuria aliacha kucheka. Kisha akasema, "Basi si imefika? Tuioshe tukune. Maji ya moto, sabuni, kwisha. Wageni wamekaa, Bimkubwa. Nani atajua?"

Bimkubwa alitazama mlango wa ukumbi, kulikokuwa na kelele za viti. Akatazama nazi zilizoanza kukauka mezani. Akaitazama ile mbuzi.

"Tuichemshe," alisema. "Tuichemshe sana." Akanikabidhi. "Wewe ndiye uliyeileta. Ichemshe, ukae, ukune. Tutasahau mengine yote."

Nilielewa maana ya "tutasahau". Maana yake ilikuwa "kesho". Ilikuwa pale, mkononi mwangu, nzito na yenye unyevu.

Niliitazama mbao. Ilikuwa kuukuu, na ilikuwa na nyufa, nyufa nyembamba ndefu, na katika kila ufa niliona njia nzima niliyotoka: zizi, sakafu ya bajaji, miguu ya korongo, ule ubwabwa wa nepi. Nilimwona mgeni asiyenijua, labda mama wa mtu, akichota mchuzi wake kwa kijiko, akifunga macho kwa utamu.

"Hapana, mama," nilisema.

"Umesemaje?"

Sijawahi kumwambia mtu mzima "hapana". Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. "Siwezi, mama. Mbao ina nyufa. Vilivyoingia humo nimeviona vikiingia. Kakojoa juu yake. Korongo kaikanyaga na miguu yake ile myeupe. Na kulikuwa na nepi, mama, nepi ya mtoto, ikapasuka, na ndani yake..."

Nilitaka kuendelea. Lakini kinyaa nilichokuwa nimekimeza njia nzima kiliamua kutoa ushahidi chenyewe. Niliwahi mfereji wa nje, nikainama, nikatoa chai ya asubuhi na kila kilichokuwa chini yake. Nyuma yangu nilimsikia Masufuria akiweka kikombe chake chini, taratibu, kama mtu ambaye hatakunywa tena leo.

Nilipoinuka Bimkubwa alikuwa ameishika ile mbuzi mbali na mwili wake.

"Masufuria."

"Naam."

"Katakata nazi vipande vidogo. Toa kinu na michi miwili. Tunatwanga."

"Kinu? Nazi zote hizi? Bimkubwa, mikono yetu—"

"Nimesema tunatwanga! Au unataka kuwaeleza wageni habari za nepi?" Akanigeukia. "Wewe, kaoge. Kwenye bomba la nje. Tumia ndimu, tumia siki, tumia sabuni ya masufuria. Ukimaliza, oga tena."

Nilioga mpaka ngozi ikawa ya waridi kama shingo ya yule korongo. Viatu nilivitupa. Nilivaa fulana ya Masufuria iliyonifika magotini, nikashika mchi. Tulitwanga zamu kwa zamu, tukakamua kwa kitambaa, tukatwanga tena. Wageni walikula kwa kuchelewa. Tuliwasikia wakigonga vijiko kwenye sahani kwa kukosa subira, halafu tukawasikia wamenyamaza, na ukimya wa watu wanaokula ni mtamu sana kwa aliyepika. Mikono yangu sikuisikia tena. Harufu niliisikia bado. Ilikuwa imehamia ndani ya pua, imepanga chumba.

Baadaye kaka wa Bimkubwa alikuja na gari la mizigo kumchukua mnyama wake, na alipewa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alisimama akiinamisha kichwa mbele ya dada yake kama mtoto, ingawa ana mvi. Nilimsogelea kwa woga.

"Samahani, kaka. Mtamchinja?"

Alinitazama, akamtazama beberu, ambaye alikuwa akilamba ukuta wa choo.

"Amle nani, dada?"

Nilifurahi. Nilimwonea huruma tena, safari hii kwa mbali, upepo ukiwa unavuma kutoka kwangu kwenda kwake. Alipopita kupandishwa garini alinyoosha shingo akanipangusa ndevu zake kwenye mkono. Nikarudi bombani.

Ile mbuzi Bimkubwa aliisugua mwenyewe, kwa brashi ya waya, kimya kimya, akaiegemeza juani. Hakusema atakunia tena. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa anaimba akikuna, kisha akakohoa, akaingia ndani kuwafokea watu.

Jioni nilivua aproni, nikaitundika. Bimkubwa alikuja kusimama mbele yangu. Alianza kwenye viatu, havikuwepo. Akapanda kwenye fulana. Akafika kwenye kofia, haikuwepo. Kucha alizitazama kwa muda mrefu. Mbili zilikuwa na kitu cha kijani ambacho siki, ndimu na sabuni ya masufuria vilishindwa.

Pua yake ikakunjamana. Akarudi hatua moja nyuma, akaziba pua kwa upande wa kitenge.

"Kesho," alisema ndani ya kitenge. Akatafakari. "Ila uje kwa mlango wa nyuma."

Nilitembea nyumbani kwa ndala za kuazima, watu wakinipisha njia yote bila mimi kuomba. Mama alikuwa mezani na rundo la madaftari ya wanafunzi na kalamu yake nyekundu. Hakuinua kichwa.

"Umepata kazi?"

"Nimepata, mama."

"Hongera, mwanangu. Kuna nini, mbona umesimama mlangoni?"

"Ni kwa sababu ya mbuzi, mama."

"Mbuzi wa nani?"

Nilifikiri kidogo, kwa sababu nilitaka kulisema sawasawa. "Kuna wa kaka yake Bimkubwa, na kuna ya Bimkubwa."

Mama aliinua kidole kunisahihisha. Ndipo upepo ukaingia kwa mlango ule nilioushika wazi, na kidole kilichokuwa kinakuja kwangu kikageuka njiani, kikaenda kuziba pua.